Mtakatifu Anamwinamia Nani?

Asubuhi ya sikukuu, kapteni wa polisi, mgeni kutoka kaskazini, alikunywa kahawa mbili nyumbani kwa don Gesualdo na akaondoka mikono mitupu. Alikuja kumkamata bosi wa wahalifu wa mji ule wa Sisilia. Pingu alikuwa nazo, alichokosa ni jina. Don Gesualdo alimwambia kwamba yeye ni mkulima wa lozi tu, mambo ya mabosi hayajui. Labda kapteni aende kwenye maandamano ya sanamu, amtazame vizuri Mtakatifu Kalogero, huenda akamfungulia njia.

Mkewe, donna Crocifissa, aliyasikia yote kutoka jikoni na hakushangaa. Katika mji ule hata mtu aliyechomwa kisu huwaambia polisi kwamba alijikwaa. Lililomkosesha raha lilikuwa jingine. Kila mwaka wabebaji wa sanamu ya mtakatifu husimama chini ya roshani ya bosi na kuiinamisha kidogo, kama salamu. Kwa miaka thelathini salamu hiyo ilikuwa ya mumewe. Sasa Tano Sferrazza, mtoto wa juzi aliyekwisha kumnyang'anya mzee soko na bandari, alikuwa ameapa kwamba safari hii ni yake. Na mzee akishapitwa na mtakatifu, hata paka hamwogopi. Ataokotwa mtaroni kabla ya Krismasi.

Akamhimiza mumewe akaseme na Nunzio, kiongozi wa wabebaji.

"Nimeshasema naye," alijibu don Gesualdo, akipiga kiwi viatu.

Kweli, majirani walikuwa wamemwona Nunzio akiachana na mzee kanisani, amepauka kama unga. Crocifissa akashusha pumzi. Kumbe simba wake bado ana meno.

Alasiri ngoma zilianza. Mzee alivaa suti nyeusi na kofia, akasimama roshani na mkewe. Sanamu ikaja ikiyumba juu ya mabega ya watu, ikafika chini yao, ikapita.

Nunzio machozi yalikuwa yakimtoka, hakuthubutu kuinua uso. Hatua chache mbele, Tano alitanua mikono kwenye roshani yake, na mtakatifu akamwinamia mpaka maua yakamwagika.

"Tumekwisha, Gesualdo," Crocifissa alisema, na aibu ikamliza.

"Futa machozi, mama. Utazame."

Kapteni alichomoka kwenye umati. Aliitazama sanamu, akamtazama Tano aliyekuwa akipunga mkono kama askofu, kisha akawaita askari wake. Wakapanda ngazi za Tano mbiombio.

Crocifissa alimgeukia mumewe polepole. Aliona heri angekufa kuliko kuuliza.

"Wewe, uliyekula kiapo cha kunyamaza, umemtaja mtu kwa polisi?"

"Mimi? Sijafungua mdomo," alisema don Gesualdo, akiivua kofia kuiaga sanamu. "Kalogero ndiye hajala kiapo."