Mayai ya Raia wa Ng'ambo

Sheria ilisema kinyonga akipelekwa kuzalishwa ng'ambo anakuwa raia wa huko, na popote alipotaga huku panakuwa mali ya nchi hiyo. Kinyonga wa Bi Zahina wa Lushoto alisafirishwa kwa kibali halali miezi mitano iliyopita. Leo afisa wa wanyama akabisha hodi jikoni kwake.

"Shikamoo bibi. Kinyonga wako alitaga kabla ya safari?"

"Marahaba mwanangu. Kwani mimi mkunga wake?"

"Mayai yakiwa humu, unahama leo leo."

"Basi nikague na mimi, huenda nimetaga."

Afisa akacheka, akapekua kuni na masufuria. Bi Zahina hakuinuka kigodani. Chini ya khanga yake udongo wa sakafu ulifumuka, kikono chembamba kikamshika kidole cha mguu.

"Bibi," afisa akasema akiketi, "hata chai hunipikii?"