Baba Sekela Amewaka

Siku hizi kila mfanyakazi ana mifumo miwili kichwani, wa kazini na wa nyumbani. Akivuka kizingiti hujizima, akawaka upya. Jana mume wangu aliwaka vibaya. Binti yetu Sekela alimwamkia, “Shikamoo, baba.”

“Karibu, mteja. Nikusaidie nini?”

Mtoto akaangua kilio. Kha! Nilimbonyeza baba yake nyuma ya sikio mpaka akazimika, nikaupanga mfumo wa nyumbani uwe wa kwanza kuwaka daima, nikamwasha.

“Marahaba, mwanangu.”

Asubuhi nilimkuta jikoni anamenya mihogo huku akiimba, Sekela kamkalia mabegani. Simu ikaita. Ofisini kwake.

“Mama, mbona mumeo hajawaka?”

“Amewaka,” nikajibu, nikaizima simu kabla hawajauliza mfumo upi.