Mfuko wa Mwantumu

"Saruji imepanda tena, mama," alisema mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nachingwea.

Mwantumu alikuwa ameshaweka kiganja juu ya mfuko. Alifungua mdomo alalamike, halafu akakumbuka jambo.

Kila msimu wa korosho hununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, akiba yake ya uzeeni. Jana tu binti yake alimweleza kwamba ile hela imetawanywa kwenye kampuni nyingi: benki, simu, hata kiwanda cha saruji, na zikipata faida naye hupata. Akamtajia na jina la kiwanda hicho.

Alipitisha kidole kwenye maandishi ya mfuko, herufi kwa herufi. Jina lilikuwa lilelile.

"Kumbe nimejipandishia mwenyewe!"

Nyuma yake mzee mmoja alisonya aliposikia bei, akageuka aondoke.

Mwantumu akamzibia njia. "Chukua tu, baba. Saruji nzuri hii."