Kifaa cha Kusikiliza Pumzi

Chausiku alimletea mdogo wake Mwajabu kifaa cha kumvalisha mtoto mguuni, ambacho kingelia iwapo pumzi zingekatika. Mtoto alikuwa njiti, amezaliwa kabla ya miezi kutimia.

Mwajabu, kiziwi tangu utotoni, alikigeuzageuza, kisha akauliza kwa mikono: "Kikilia, dada, nani ataniambia?"

Chausiku aliona haya. Hofu ilikuwa imemsahaulisha hata hilo. Akanyoosha mkono akichukue.

Mwajabu akamzuia. Alimvalisha mtoto kile kifaa, akatandika mkeka upande wa ukutani.

"Basi kaa nasi," mikono yake ikasema. "Wewe utasikiliza."

Chausiku akavua viatu, akajilaza. Kiganja cha Mwajabu kilikuwa tayari juu ya kifua kile kidogo, kikipanda na kushuka taratibu.