Kanaba Ipitwe Mchana

Celestino alikuwa akiyang'oa mapazia ya gari la Shafik, moja baada ya jingine, wala hakuomba ruhusa. Shafik alisimama pembeni na funguo mkononi akimtazama tu. Mteja mwingine angekiona cha moto. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha udereva, enzi zile barabara ya Koboko kwenda Oraba ni vumbi tupu, na wiki hii hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgombeza.

"Mapazia tutarudisha baadaye," Celestino alisema. "Sasa njoo uone njia."

Akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Kutoka Arua watateremka Pakwach, wavuke Nile, Karuma, Hoima, Fort Portal, Mbarara, hadi Kabale. Mpaka hapo, alisema, ni safari kama safari nyingine. Kuanzia Kabale ndipo milima inapoanza, na hapo hataki mbio. Watapita barabara ya zamani juu ya ziwa Bunyonyi, waingie msitu wa mianzi wa Echuya, wapande mpaka Kanaba, pale barabara inapovuka mgongo wa mlima na nchi yote ya Kisoro inatokea chini yako ghafla, mlima Muhabura umesimama mbele. Hapo gari lizimwe. Na wafike saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka.

Shafik alikuna kichwa. Kufika saa nne maana yake ni kulala Kabale.

"Mzee, kulala njiani na mkeo akiwa hivi, watu watasema nini?"

"Waseme. Wewe utasimamisha gari nitakapokwambia."

Ugomvi wote ulikuwa hapo. Annet, mke wa Celestino, alizaliwa Kisoro, chini ya mlima ule ule. Celestino alimtoa huko alipokuwa dereva wa lori la viazi. Alimtoa usiku, baba mtu hana habari, msichana kajilaza juu ya magunia chini ya turubai. Kanaba waliipita gizani. Annet hakupata hata kugeuka atazame kwao, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote aliyoishi Koboko. Siku nikirudi, alikuwa akisema, nipite pale mchana, nione kwetu kote kwa mara moja. Celestino akaapa. Ikawa leo, kesho: mara injini imekufa, mara watoto shule, mara njia zimefungwa. Ahadi ni deni, na hii yake ilikuwa imeshaota ndevu.

Sasa Annet alikuwa Kuluva, kwenye hospitali ya misheni. Kabla sauti haijamwisha alimshika mumewe mkono akamwomba ampeleke kwao, na wapite mchana. Hakuomba kitu kingine.

Ungedhani jambo dogo. Shangazi Driwaru alikuja kutoka Ombaci kwa bodaboda, hata maji hakutaka, akaanza kumsema mpwa wake mbele ya majirani. Mke aliyekuzalia watoto anakaa kwako, iwe mvua iwe jua.

"Mwanamume harudishi mke kwao akiwa katika hali hii," alisema. "Kwani sisi tumekufa wote?"

Celestino alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, akashikilia lake.

Upande wa Kisoro nako hapakuwa na nafuu. Shemeji yake, Ivan, kaka wa Annet, alipiga simu akiwa mkali. Watu wameshajaa nyumbani, alisema, dada yake apitishwe usiku afike alfajiri. Hakuna kusimama njiani kutazama milima, wala Annet hatalala kwa watu baki. Celestino hakuwahi kumpinga shemeji huyo, kwa sababu ya ule usiku wa turubai aliona hana uso wa kumpinga. Safari hii alisema hapana, akakata simu. Aliogopa kweli. Lakini aliogopa zaidi kumpitisha mkewe gizani mara ya pili, kwa kuwa mara ya tatu haipo.

Asubuhi ile alikuwa amekwenda Kuluva. Walimruhusu amwone kidogo tu. Akamrekebishia kitambaa cha kichwa, akamweleza njia yote, kona kwa kona, akamwambia mapazia atayatoa. Annet hakujibu, naye hakutegemea jibu. Alipotoka nje alilia mbele ya watu, mtu mzima na mvi zake, na hakuona haya.

Gari lilipokuwa tayari, wakaenda na Shafik mjini Arua, kwa fundi Lukumani, aliyekuwa akitengeneza mahali pa kumlaza Annet. Celestino alibonyeza kigodoro kwa kiganja. Akapitisha vidole kwenye kitambaa cheupe cha ndani, asikute msumari uliochomoza. Kazi ilikuwa safi, akamsifu.

"Imebaki kioo tu, mzee," Lukumani alisema. "Nafasi yake nimeshapima, hapa juu."

"Hapana. Huko juu ataona bati ya gari tu." Celestino aliinama, akaonyesha kwa mkono. "Weka kwa upande, mkono wa kushoto. Tutamlaza kwa ubavu. Mlima iko upande ile."

Lukumani alimtazama Shafik, Shafik akatazama chini. Kisha fundi akaligeuza jeneza taratibu, akachukua patasi.