Karatasi ya Meneja

Virusi vya kompyuta vilikuwa vimekula kamusi ya Mwalimu Raya ya lugha ya bibi yake, kazi ya miaka tisa, ingawa aliuziwa programu ya kuzuia virusi yenye dhamana. Alikwenda dukani na risiti mkononi, amejiandaa kwa ugomvi. Badala yake meneja, Bwana Shebe, alimvutia kiti na kumwagizia soda.

“Pole sana, Mwalimu. Tutakupa programu mpya ya miaka mitatu, bure kabisa. Weka sahihi hapa tu.”

Ukarimu ule ulimtia wasiwasi kuliko matusi. Raya akavaa miwani.

“Ni utaratibu tu,” meneja akasema. “Hakuna anayesoma karatasi hizo.”

“Mimi nasoma.”

Mwishoni, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mteja anakiri kosa ni lake na hatalalamika popote.

“Wangapi wameshatia sahihi hapa?”

Meneja akamsogezea kalamu. Raya akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akauliza ofisi ya kutetea wateja iko mtaa gani.

Bwana Shebe aliinuka polepole, akaenda mlangoni, akashika kitasa. Raya hakujua kama anamfungulia au anamfungia.