Kanga Isiyofuliwa

Miaka kumi na tisa Mwanakombo alipumua kwa mdomo kwa sababu ya sainasi, hadi alipopasuliwa na kutiwa chujio puani, kama sheria inavyomtaka kila anayepasuliwa pua. Siku ya tatu alisikia harufu ya iliki kwenye chai, akalia huku akimwombea daktari dua. Ndipo akatoa sandukuni kanga ya marehemu mamake, aliyoitunza bila kuifua akingojea siku hii. Akainusa pindo hadi pindo.

“Sisikii kitu, Baba Shee.”

Mumewe akasoma karatasi ya hospitali. “Chujio linazuia moshi, uvundo na jasho.”

“Basi ninusie wewe, mwenye pua ya kuzaliwa.”

Akainusa. “Mama yumo humu.”

Mwanakombo akashukuru kwa hilo nalo, akavuta pumzi ndefu, nyepesi, isiyo na mtu ndani yake.